Kitako Kwanza, Bomba Baadaye

Boksi ndilo linaloiuza darubini ya bei ya chini. Juu yake pana picha ya sayari ya Zohali na pete zake, imekolezwa rangi kama bango la sinema, na pembeni pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba darubini hii hukuza mara 525. Ukilifungua unakuta bomba lenye lenzi ya milimita 60, vioo viwili vitatu vya kuchungulia, na miguu mitatu ya bati jepesi ambayo ukiigusa kwa kidole, Mwezi ulioulenga unachezacheza kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia. Mwalimu wa fizikia wa Nkwenda, au mpigapicha wa Kayanga anayetaka kuanza kupiga picha za nyota, boksi hilo ndilo la kwanza atakaloonyeshwa, awe ameagiza Kariakoo, Kampala au kwa simu. Jioni hii nataka kumshawishi alipite. Bomba lile ni dhaifu, hilo ni kweli, lakini hata angepewa bomba zuri bado angekuwa ameanzia mahali pasipofaa. Katika kupiga picha za anga, kinachoamua ni kitako, yaani ile sehemu inayobeba kamera au darubini na kuigeuza polepole ili iifuate nyota. Na sisi wa Karagwe na Kyerwa tumepata bahati katika jambo hilo: kwa sababu ya mahali tulipo duniani, kitako kinachomtosha anayeanza kinaweza kutengenezwa na seremala wa Omurushaka kwa mbao mbili na bawaba.

Tuimalize kwanza hiyo 525. Wanaojua darubini wana kanuni nyepesi: ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya kipenyo cha lenzi kikihesabiwa kwa milimita. Lenzi ya milimita 60 basi inafika mara 120, tena siku ambayo hewa imetulia. Ukipita hapo picha inakuwa kubwa bila kuongeza chochote ndani yake, kama chai inayoongezwa maji: kikombe kinajaa, majani ni yale yale. Kwa mpigapicha namba hiyo ina maana ndogo zaidi, kwa kuwa wingu la gesi lililo katika kundi la Orioni, au mkanda wa Njia ya Maziwa, si vitu vidogo vinavyodai kukuzwa. Njia ya Maziwa inavuka anga lote. Wingu la Orioni, na mwanga wake hafifu wote, ni pana kuliko Mwezi mpevu. Tatizo lao ni ufifi. Jicho halina uwezo wa kukusanya mwanga kwa dakika nzima, kamera inao, na ndiyo sababu kamera huonyesha wekundu na buluu ambavyo jicho halijawahi kuviona. Kwa hiyo swali la msingi la fani hii ni muda: je, kamera inaweza kukaa wazi kwa muda gani kabla nyota hazijageuka michirizi?

Hapo dunia yenyewe inaingia kati. Inajizungusha mara moja kila saa 23 na dakika 56, na nyota zinaonekana kusogea kutoka mashariki kwenda magharibi kwa mwendo ambao jicho haliutambui lakini kamera inautambua mara moja. Chukua lenzi pana ya milimita 18. Kanuni ya kienyeji ya wapigapicha ni kugawa 500 kwa urefu wa lenzi, nawe unapata kama sekunde 27 kabla michirizi haijaonekana. Kwa kamera za sasa, zenye nukta ndogo ndogo, ni busara kupunguza hadi 15. Chukua lenzi ya milimita 50, ile ndogo ya bei rahisi ambayo kila mpigapicha wa harusi anayo: sekunde 10, au 5 ukitaka usafi. Sasa chukua darubini ya kawaida yenye urefu wa milimita 650, uifunge kamera ambayo kila nukta ya sensa yake ni maikromita 4. Nyota inavuka nukta nzima kwa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Hilo ndilo deni linalokuja na bomba refu, na boksi halilitaji. Kila unavyoongeza urefu na uzito wa bomba, kitako kinatakiwa kiwe kizito zaidi, kilainike zaidi, kifuate kwa usahihi zaidi, na bei yake inapanda kwa kasi kuliko ya bomba. Mtu mwenye shilingi milioni moja akiweka laki nane kwenye bomba na laki mbili kwenye miguu, amenunua injini ya lori akaifunga kwenye baiskeli.

Watu wa Ulaya na Marekani walioandika vitabu vya wanaoanza wanalijua hilo, na ushauri wao ni mmoja: nunua kitako cha ikweta. Jina hilo lina kejeli yake, maana mahali ambapo chombo hicho kinasumbua sana ni kwenye ikweta yenyewe. Kitako cha namna hiyo kina mhimili mmoja unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka. Mhimili ukielekezwa sawasawa, mota moja tu inatosha kuifuata nyota usiku kucha. Kwa mtu wa London ncha hiyo iko digrii 51 na nusu juu ya upeo wa macho, na karibu yake kabisa kuna Nyota ya Kaskazini ya kulengea. Kwa mtu wa Cape Town ni digrii 34, upande wa kusini. Kayanga iko kama digrii moja na nusu kusini mwa ikweta, na Murongo, kule kwenye mto Kagera, ni karibu digrii moja tu. Ncha yetu ya anga kwa hiyo imelala chini kabisa, juu kidogo ya vilima vya kusini, ndani ya ukungu na moshi. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma ya kundi la Octans, ni hafifu kiasi kwamba hata kwenye giza zuri inahitaji jicho kali, na hapo chini huioni. Nyota ya Kaskazini nayo, mtu wa Kayanga hajawahi kuiona akiwa nyumbani kwake wala hataiona.

Matokeo yake ni ya kuudhi kwa aliyelipa. Vitako vingi vya ikweta vimechongwa kwa ajili ya watu wa latitudo za kati, na skrubu ya kuinamisha mhimili hufika mwisho kabla ya kufika kwetu. Hata Sky-Watcher EQ6-R, chombo cha bei ambayo wengi wetu tungenunulia pikipiki, kipimo chake huanzia digrii 5. Ili kufika digrii moja na nusu itabidi uufupishe mguu wa kusini wa tripodi mpaka chombo kizima kiiname, na mhimili ukishalala hivyo, uzito wa kusawazisha unaning'inia chini na kugonga miguu. Juu ya hayo umelipia kidarubini kidogo cha kulengea Nyota ya Kaskazini, ambacho hakitaiona nyota hiyo maisha yake yote. Sisemi kwamba haiwezekani. Wapo watu wa nchi za ikweta wanaotumia vitako hivyo kwa ustadi, wakipanga mhimili kwa programu ya kompyuta. Ninachosema ni kwamba kwa anayeanza, tena mwenye fedha ya kuhesabu, ushauri huo ni nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Sasa uutazame mhimili huo uliolala kwa jicho la seremala. Mhimili wa kulala ni bawaba. Mwaka 1975 Mskoti mmoja, George Haig, alitoa maelezo ya kitako cha mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, ubao wa juu ukisukumwa na boliti. Ukizungusha boliti kwa mwendo maalumu, ubao wa juu unafunguka kwa mwendo ule ule wa dunia, na kamera iliyo juu yake inakaa imeitazama nyota. Kule Scotland chombo hicho kina taabu: bawaba lazima iinuliwe zaidi ya digrii 55, kamera inaegemea pembeni, kila kitu kinataka kuteleza. Hapa kwetu unakiweka juu ya meza au stuli, kimelala kama kitabu. Bawaba inakaa upande wa magharibi, imenyooka kutoka kaskazini kwenda kusini. Boliti inakaa upande wa mashariki na kuuinua ubao wa juu, nao unageuka taratibu kuelekea magharibi pamoja na nyota. Ile digrii moja na nusu unaipata kwa kuinua mwisho wa kusini wa ubao: kwa ubao wa sentimita 30 ni milimita 8, sawa na kigae chembamba cha sakafu. Pimamaji ya fundi mwashi inakuonyesha pamelala sawa, kigae kinamalizia.

Kaskazini na kusini ya kweli utaipata mchana, bila kifaa chochote cha kununua. Simamisha fimbo iliyonyooka, hakikisha wima wake kwa uzi wenye jiwe, na uweke alama ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache kuzunguka wakati wa jua la utosi. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho mstari wa kaskazini-kusini. Ila usikitafute saa sita. Saa ya Tanzania imefuata longitudo ya 45, na Karagwe iko karibu na ya 31, kwa hiyo jua letu linachelewa kama dakika 55. Katikati ya mwaka linafika juu takriban saa saba mchana. Chora mstari huo kwa chokaa kwenye sakafu ya saruji ya ua, na kazi hiyo umeimaliza kwa mwaka mzima. Usiku unaleta stuli, unaipanga kwenye mstari, unaanza.

Najua pingamizi linalokuja: huo ni mchezo wa watoto, mbao na bawaba haviwezi kulingana na chombo cha kiwanda. Tufanye hesabu. Tuseme umekosea mwelekeo kwa digrii nzima, kosa ambalo hata fundi mlevi hawezi kulirudia mara mbili. Kwa kosa hilo nyota inateleza kama sekunde 16 za tao katika dakika moja. Kwa lenzi ya milimita 50 na kamera tuliyoitaja, hiyo ni nukta moja tu ya sensa. Huwezi kuiona. Kosa hilo hilo kwenye darubini ya milimita 650 linavuka nukta zipatazo 13, na picha imeharibika. Chombo cha mbao basi si duni kwa kazi yake. Ni duni kwa kazi ya mwingine. Ukikiachia lenzi za milimita 18 hadi 50, kinakupa dakika moja hadi mbili ambapo stendi ya kawaida ingekupa sekunde 5 au 15. Na picha moja haitoshi kamwe: unapiga 50, unapiga 100, kisha programu ya bure kama Siril au DeepSkyStacker inazipanga moja juu ya nyingine. Chenga za picha hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi, maana yake picha 100 zikipangwa vizuri ni safi mara kumi kuliko moja. Subira inafanya kazi ambayo watu wengine wanailipia dola.

Na kamera yenyewe? Hiyo ndiyo sehemu ya gharama kubwa, nayo tayari iko wilayani. Kila mji mdogo kutoka Nyaishozi hadi Isingiro una kijana au binti anayepiga picha za harusi, za sendofu na za mahafali, ana kamera ya DSLR, mara nyingi iliyotumika, na lenzi ya milimita 50. Jumamosi inafanya kazi, Jumatatu usiku imelala kabatini. Shule yenye mbao, bawaba na mwalimu mwenye hamu inahitaji makubaliano naye ya usiku mmoja kwa mwezi, ule usiku usio na Mwezi angani. Hata simu za siku hizi zina hali ya usiku au ya kitaalamu inayoruhusu sekunde kumi na zaidi. Zikikaa juu ya mbao hizo zinatoa Njia ya Maziwa inayotambulika. Haitakuwa picha ya kuning'iniza ukutani, lakini mwanafunzi aliyeipiga ataielewa.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo nalikubali nusu. Tangu mwaka 2023 kampuni ya ZWO inauza kidarubini kinachojiendesha, Seestar S50. Lenzi yake ni milimita 50, urefu wake milimita 250, kitako na kamera vimo ndani ya mwili mmoja, na unakiongoza kwa simu. Kilipoanza kuuzwa Marekani bei ilikuwa kama dola 500, yaani zaidi ya shilingi milioni moja kabla ya usafiri na ushuru. Kinatafuta nyota chenyewe, kinapiga picha za sekunde 10, kinazipanga chenyewe. Kitako chake si cha ikweta. Ni cha kupanda-kushuka na kwenda kulia-kushoto. Wakosoaji wa Ulaya husema kitako cha aina hiyo kina kasoro ya kugeuza picha: nyota ya katikati inatulia lakini zile za pembeni zinaizunguka. Hilo nalo kwetu linapungua makali. Karibu na ikweta, nyota inayochomoza mashariki hupanda karibu wima, kwa hiyo kitako kinainuka tu na picha haigeuki. Wingu la Orioni likiwa mashariki, nusu ya njia kupanda, picha hugeuka kama digrii mbili kwa saa nzima. Kwa sekunde 10 hiyo si kitu. Mahali pa kuogopa ni utosini, ambapo kitako lazima kijigeuze ghafla, na Orioni yetu inapita karibu na hapo hasa. Ipige kabla haijafika juu au ikishaanza kushuka. Shule au kikundi chenye fedha hiyo, mimi sitawakataza. Naongeza tu kwamba kikiharibika ubao wake wa umeme, fundi wa kukitengeneza hayupo Kayanga, na kwamba kinampa mwanafunzi jibu kabla hajauliza swali. Bawaba inamlazimisha ajue kusini iko wapi.

Bomba basi lina nafasi gani? Lina nafasi ya jicho, na ya Mwezi na sayari, ambazo zina mwanga wa kutosha kiasi kwamba mwendo wa dunia si kikwazo. Mwezi unapigwa kwa sehemu ya mia ya sekunde. Hapa ndipo napendekeza darubini ya kioo ya milimita 130 au 150 iliyokaa kwenye kitako cha Dobson, lile sanduku la mbao linalozunguka mezani. John Dobson alikuwa mtawa wa San Francisco, na alibuni umbo hilo kwa plaiwudi na makaratasi magumu ili watu wa mitaani watazame Mwezi bure; hakuna gia, hakuna mota, fedha yote imekwenda kwenye kioo. Shirika la Astronomers Without Borders, ambalo liliendesha mradi wa kupeleka darubini Tanzania, huuza moja ya aina hiyo yenye kioo cha milimita 130 na urefu wa milimita 650. Funga simu kwenye kioo cha kutazamia kwa kishikio cha plastiki, piga video ya Mshtarii inapopita, na programu ya bure ichague fremu zilizotulia. Miezi minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610 utaiona usiku wa kwanza. Angalizo moja la barabara zetu: vioo vya darubini hii husogea kwa mitikisiko, kwa hiyo mwenye nayo ajifunze kuvipanga upya kwa skrubu tatu za nyuma kila anapotoka nayo safari. Ni kazi ya dakika tano ukishaizoea. Jua msilitazame kwa darubini yoyote bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya bomba. Jicho linaungua kabla halijauma.

Wengine watasema mawingu ya Kagera hayataruhusu. Mvua zetu ni mbili, za Septemba hadi Desemba na za Machi hadi Mei, na miezi hiyo kweli ni ya kuotea. Lakini kiangazi, ile ekyanda, kutoka Juni hadi Agosti, kinaangukia hasa wakati ambapo kitovu cha Njia ya Maziwa kiko juu ya vichwa vyetu kabla ya usiku wa manane, kwenye digrii 60 na ushei upande wa kusini. London mwezi Juni haipati giza kamili usiku mzima, na kitovu hicho kinaburuzika juu ya mapaa. Sisi kabla ya saa mbili na nusu usiku giza limekamilika. Mwezi Mei, mawingu yakifunguka, Msalaba wa Kusini na Dubu Mkubwa wanasimama pande mbili za anga kwa wakati mmoja, kitu ambacho watu wa Ulaya hawakipati bila kupanda ndege. Adui wetu wa kiangazi ni moshi wa kuchoma mapori, unaochafua anga la chini, na umande wa vilimani unaoziba lenzi saa tano usiku. Dawa ya umande ni kola ndefu ya kadibodi kuizunguka lenzi, na kitambaa kikavu mfukoni. Taa za Kayanga na Omurushaka zinaongezeka kila mwaka, ila ukitembea kilomita chache nyuma ya kilima umezikimbia.

Pingamizi la mwisho ni la kima cha maisha: wilaya inayohangaikia bei ya kahawa na madawati ina haja gani na picha za nyota? Ningelichukulia kwa uzito zaidi kama ningekuwa napendekeza ununuzi wa mamilioni. Mada ya awali ya falaki imekuwa katika fizikia ya kidato cha nne kwa miaka mingi, na wanafunzi wameifanyia mtihani kwa kukariri michoro ya ubaoni. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete, watu walikusanyika Rujewa, Mbeya, kwa wingi ulioonyesha kwamba hamu ipo. Kinachokosekana ni kitu cha kushika mkononi. Na nyota hazikuwa mambo ya anasa kwa historia ya hapa. Wakulima wa nchi hii walihesabu msimu kwa nyota za Kilimia. Wasafiri wa Uingereza, Speke na Grant, walipofika kwa mfalme Rumanyika huko Bweranyange mwezi Novemba 1861, walipima latitudo ya Karagwe kwa nyota ili waiweke kwenye ramani yao. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani, wakiwa mezani Ulaya, walikubaliana kwamba mpaka wa magharibi mwa Ziwa Viktoria uwe latitudo ya 1 kusini, mstari ambao hauonekani ardhini na unaopatikana kwa kupima anga tu. Anga letu limetumiwa kutupima. Mtoto wa Kyerwa anayeweza kuipata latitudo yake mwenyewe kwa fimbo, uzi na bawaba amejifunza fizikia, jiografia na siasa kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa matumizi ni huu. Kwanza mbao na stendi imara ya kamera, ile nzito, hata ikiwa ya mtumba. Pili, makubaliano na mwenye kamera na lenzi ya milimita 50. Tatu, baada ya kiangazi kimoja cha mazoezi, Dobson ya milimita 130 kwa ajili ya Mwezi na sayari. Kitako chenye mota kije mwisho, mtu akishajua anakitakia nini, na kabla hajalipa amuulize muuzaji swali moja: mhimili huu unashuka hadi digrii moja na nusu? Akibabaika, funga pochi.

Na wewe seremala unayesikiliza, andika. Mbao mbili ngumu zilizokauka, urefu sentimita 30, upana sentimita 25, zisiwe zimepinda. Bawaba ndefu isiyolegea, imefungwa kwenye ukingo mrefu. Boliti ya M6, ambayo meno yake yameachana milimita moja, inayozungushwa mara moja kwa dakika, robo mzunguko kila sekunde 15 kwa kufuata mshale wa saa. Kutoka katikati ya pini ya bawaba hadi katikati ya boliti, milimita 228 na nusu.